Ndoo Kumi na Nane

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumanne, tarehe 12 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kile kikohozi cha wiki iliyopita kimekuachia? Na Mama, miguu yake inasemaje? Mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukimaliza utasahau. Sisi huku hatujambo. Mimi ni uchovu tu, na uchovu si ugonjwa, ingawa siku hizi sina hakika.

Ninaandika saa ya chakula cha mchana, mezani pangu kazini, wenzangu wameshuka kula. Mhasibu wetu anasafiri kesho kuja huko, amekubali kuibeba barua hii, na Alhamisi utakuwa nayo. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenichekesha, na mimi nikichekeshwa nasema lolote.

Na tayari nimeshasema. Jumapili uliponiuliza, "Dada, hiyo hela ya huko inatosha kweli?" nilikujibu, "Inatosha na kubaki." Nilikuongopea. Ijumaa unatakiwa kutia sahihi mkataba wa kazi ya huku, nami sitaki utie sahihi kwa sababu ya ulimi wangu.

Lile jedwali ulilonitumia la kulinganisha miji miwili nimelisoma mara nne. Limepangwa vizuri, mtu anaona kweli huyu ni mwandishi wa programu. Ila lina kosa, na kazi inayonilisha ndiyo hiyo, kutafuta makosa kwenye programu za watu kabla hazijatoka. Umeandika "Idadi ya watu: 1". Mama umemweka wapi?

Twende taratibu. Tuseme mshahara unaopata sasa ni ndoo kumi za maji. Hawa wa huku wamekuahidi ndoo kumi na nane, na ndizo zilizokutoa macho. Lakini hizo ni kabla ya makato. Mkononi zitakufikia kumi na nne. Chumba cha maana kitakunywa tano, na mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nauli za kwenda na kurudi kazini, mbili. Kula, tatu, maana huku hakuna wa kukupakulia. Zimebaki nne. Nyumba mnayokaa na Mama utaendelea kuilipia wewe, mbili. Na Mama lazima ale na anunue dawa, mbili nyingine. Basi, maji yameisha, hujabakiwa hata na ya kunawa. Huko kwenye kumi zako, uliniambia mwenyewe, kila mwezi unaweka akiba mbili.

Halafu kuna neno. Safu ya kwanza umeiita "Kwetu", ya pili umeiita "Kwenu". Najua hukuwa na nia mbaya. Lakini niliitazama hiyo "Kwenu" mpaka skrini ikazima. Nina miaka mitatu hapa na jirani wa ukuta mmoja simjui jina. Najua anapiga chafya tatu tatu, najua anapenda redio, basi. Juzi tulikutana kwenye ngazi, nikamwambia, "Habari, jirani." Akaniuliza, "Umehamia lini?"

Shemeji yako bado yuko kwenye minara ya simu, anafunga mitambo. Huja siku mbili kwa mwezi, moja nzima anailala. Simlaumu. Asubuhi nampeleka mwanangu Bosi kwa mlezi, jioni namkimbilia. Wiki iliyopita nilichelewa nusu saa, mlezi akanipokea mlangoni.

"Mama Bosi, mtoto si mzigo wa stoo."

"Nisamehe, dada, kazi ilinibana."

"Wewe umebanwa na kazi, mimi nimebanwa na wako."

Nilimbeba mwanangu tukaondoka.

Huyo mpwa wako sasa anaongea. Akiona simu yoyote, hata ya mtu baki, anaisonta kidole na kusema, "Mjomba." Anadhani ndilo jina la simu. Watu wanacheka, nami nacheka nao. Jumapili ulipouliza lile swali alikuwa ameing'ang'ania kwa mikono miwili, hataki kunipa. Ndiyo maana nilikuongopea. Nilimwona mjomba mwenye miguu anaingia mlangoni kwangu. Nikasahau kuwa mjomba huyo atapanga upande wa pili wa mji, mwendo wa saa mbili, atakuwa peke yake kwenye chumba chake, na Mama peke yake huko. Badala ya mpweke mmoja tutakuwa watatu.

Kwa hiyo nakwambia kama dada: Ijumaa usitie sahihi. Waandikie kwamba utawafanyia kazi ukiwa huko huko. Ofisini kwetu wapo wawili wanaofanya hivyo, na sijaona programu iliyouliza imeandikiwa mji gani. Wakikataa, waombe ndoo ishirini, mkononi, si za kwenye karatasi. Wakikataa na hilo, waachie kazi yao. Wala usiniambie unakuja ili unisaidie mtoto. Huruma hailipi kodi.

Nitalia kidogo ukikubaliana nami. Lisikubabaishe hilo. Hata siku ya harusi nililia, na niliolewa kwa hiari yangu.

Nisalimie mama mdogo na watoto wake wote, fundi cherehani wa mbele ya nyumba, na Kipara wa duka la vifaa, mwambie deni la utani bado nalikumbuka. Mama usimsomee habari za jirani wala za mlezi. Mwambie nimenenepa.

Mungu akulindie afya yako, mikono yako na huyo mama uliye naye.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayekukataza kuja,

Mama Bosi