Chumba Nambari Saba Hakimo Kwenye Faili

TANGAZO. Kwa unyenyekevu, na baada ya mashauriano marefu na mhariri, ukurasa huu unaujulisha umma wa Likoni, Kisauni, Changamwe na viunga vyake vyote kwamba kuanzia leo hautapokea tena barua zilizoandikwa nyuma ya risiti za supamaketi. Karatasi ile haishiki wino. Mwezi uliopita nilimshauri bibi mmoja wa Chaani amfukuze mumewe bila huruma, kumbe alikuwa akiuliza habari za friji.

Barua ya leo imeandikwa kwenye karatasi nzima, pande zote mbili, na imesomeka.

*

Mpendwa Bi Mwanarehema,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana ndipo kipindi changu cha majaribio kazini kinapomalizika na sijui kama nitabaki na kazi, au na nyumba, au vyote viwili vitanitoka kwa siku moja. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, naishi Mjambere na mamangu, nilimaliza chuo mwaka jana na mwezi wa tano mwaka huu nikachukuliwa kama mwanagenzi katika idara ya ushuru ya kampuni moja ya uhasibu kisiwani, na hapa lazima nieleze kwa sababu mtaani kwetu mpaka leo hawajaelewa, sisi si watu wa serikali, hatukusanyi ushuru wa mtu, sisi tunalipwa na wenye biashara tuwajazie fomu zao zisiwe na makosa, lakini mamangu alisimama kanisani akatoa shukrani kwamba mwanawe "ameingia ushuru", watu wakapiga makofi, na kutoka siku hiyo mama anayetuuzia mahamri akawa akiniona anafunika ndoo, na vijana wa bodaboda wakawa wanaambiana, "Zimeni pikipiki, serikali yapita!"

Woga huo uliisha mwezi wa sita. Wajua kila mwenye pini, ile nambari ya mlipa ushuru, lazima ajaze ritani ya mapato yake ya mwaka kabla ya tarehe thelathini mwezi huo hata kama hakupata kitu, anajaza sufuri, na asiyejaza anapigwa faini, basi watu wakagundua kwamba nina leptopu na sitozi, wakaanza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, nikakaa barazani Jumamosi mbili nikawajazia watu arobaini na mmoja, paswadi zao nikaziandika kwenye daftari ili mwakani nisihangaike, na wasio na imeli nikawawekea yangu. Wengi wao walikuwa watu wa sufuri kweli, vijana wanaotafuta kazi na akina mama waliochukua pini ili wafunguliwe akaunti ya benki.

Wa arobaini na mmoja alikuwa mwenye nyumba wetu, ambaye hapa nimembadilisha jina nikamwita Mzee Changawa. Nilipofika penye mapato nikamwuliza, "Mzee, na hivi vyumba?" Akacheka. "Vyumba ni vyumba, mwanangu. Mapato ni mshahara. Mimi mshahara wangu wa mwisho niliupokea siku niliyotoka bandarini." Bi Mwanarehema, wiki hiyohiyo ofisini tulikuwa tumefundishwa kutwa nzima habari za ushuru wa nyumba za kupangisha, kwenye mtihani nikawa wa kwanza, na hapo nilipokaa ni baraza ya nyumba yake ya kupangisha, ina vyumba kumi na kimoja, mimi na mamangu tuko nambari saba, na kila tarehe tano ni mimi ninayempelekea kodi mkononi, lakini mamangu alikuwa nyuma yangu akichambua mchicha, akaninong'oneza, "Mzee wa watu alitungoja miezi mitatu ulipokuwa chuo, leo wamhoji kama askari?" Ni kweli alitungoja, na tulimlipa yote baadaye, lakini alitungoja. Nikabonyeza sufuri. Mzee akaniombea dua ndefu, mkono wake juu ya kichwa changu, akasema mwezi wa saba nisihangaike na kodi, akaondoka, nami nikajiambia hakuna atakayejua.

Mwezi uliopita mzee akapata barua kutoka kwa watu wa ushuru ikimwuliza habari za nyumba yake. Akavaa koti la harusi akaenda kutafuta mhasibu, na katika Mombasa nzima akaja kwetu, kwa sababu ndiyo kampuni pekee ya uhasibu anayoijua jina, na jina amelisikia kwa mamangu. Mkuu wa idara yetu, Madam Nafula, akaniita niandike mazungumzo. Niliingia nikamkuta mzee kakaa na koti lake, nikaketi pembeni na kalamu.

"Nani alikujazia hii sufuri?" Madam Nafula akamwuliza.

"Kijana mmoja tu wa mtaani. Ajua kompyuta."

"Huyo kijana ni mwizi au ni mjinga. Alikutoza pesa ngapi?"

"La, hakutaka hata chai," mzee akasema, akiangalia feni.

"Basi ni mjinga." Akanigeukia. "Andika." Nikaandika.

"Una vyumba vingapi, mzee?"

"Vinne."

Nikaandika vinne. Faili hilo nikapewa mimi, kwa sababu ati natoka upande huo wa Kisauni na nitamwelewa mzee haraka, na jedwali la vyumba vinne nimelitengeneza mara tatu, kila mara Madam anasema safi sana, na kwa mujibu wa karatasi za ofisi mimi na mamangu tunalala kwenye chumba ambacho hakipo. Nyumbani mzee amenishika bega akaniambia, "Sikukutaja, mwanangu, na najua nawe hutanitaja. Sisi ni watu wa nyumba moja." Mamangu asema ninyamaze, faili litapita kama yalivyopita mengine. Jedwali linatakiwa kutumwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nikisema, namsaliti mzee aliyetustahi, na kazi naipoteza kwa kuwa yule mjinga ni mimi. Nikinyamaza, nitatia mkono kwenye hesabu ninayojua ni ya uongo, na hii ndiyo kazi niliyosomea miaka minne. Nifanyeje?

Mwenye Sufuri, Mjambere

*

Mwenye Sufuri, marahaba.

Nitakugombeza kwanza, maana nikianza na huruma hutasikia lililobaki.

Wewe umeajiriwa kutunza siri za watu, na siri ya mteja umeipeleka gazetini. Jina la mzee umelibadilisha, ahsante, kisha ukaniandikia rangi ya geti lake, jina la kanisa, na duka la cherehani linalotazamana naye. Nimevikata vyote, na jina la mkuu wako nimelibadilisha mimi. Nambari za vyumba pia nimezigeuza, kwa hivyo wasomaji wa Mjambere wasianze kuhesabu milango ya jirani.

Pili. Mzee amesema hukutaka hata chai, nawe ukaandika kama ulivyoambiwa. Lakini kwenye ukurasa wa pili wa barua yako, umejificha baina ya dua na kuondoka kwake, upo mwezi wa saba ambao hukulipa kodi. Mwanangu, ile chai ilikuwa kubwa. Sisemi uliipanga. Nasema uliipokea, na nadhani wajua, ndiyo maana umeitaja kwa haraka hivyo.

Tatu, hicho unachokiita siri hakina maisha marefu. Umesema wasio na imeli uliwawekea yako. Kama mzee ni mmoja wao, risiti ya ritani yake ilitumwa kwenye anwani yenye majina yako mawili. Siku Madam Nafula atakapoitafuta risiti hiyo, hutakuwa na la kukiri. Utakuwa na la kujibu tu.

Nimemaliza kugomba.

Sasa nikwambie: simwoni mwizi hapa. Namwona mtu aliyefundishwa sheria yote ya ushuru isipokuwa namna ya kumwambia "la" mzee aliyemngojea miezi mitatu, na mamake yuko nyuma kashika mchicha. Somo hilo hawalifundishi chuoni, na wallahi wapo wakubwa wenye ofisi zao ambao wangebonyeza palepale ulipobonyeza. Ulipokuwa wa kwanza kwenye mtihani, aliyekuuliza swali hakuwa amekuwekea mkono kichwani.

Mzee Changawa naye simwoni jambazi. Miaka yote bandarini ushuru ulikatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Hakuna aliyemketisha kumweleza kwamba siku moja chumba chenye kitanda cha mtu mwingine kingekuwa mapato. Kisha ikaja barua yenye nembo, akaogopa, akapunguza vyumba kama mtu anayemwambia daktari kwamba anavuta sigara mbili kwa siku. Shida ni kwamba daktari atampa dawa ya sigara mbili. Amekwenda kumlipa mtaalamu amtoe kwenye shimo, na kina cha shimo amemficha. Wewe ukinyamaza humlindi. Unamsaidia kuandika uongo wa pili juu ya ule wa kwanza, na ule wa kwanza angalau aliuamini.

Lile la kumsaliti nalo tulitazame vizuri. Alikungojeni miezi mitatu, mkamlipa miezi mitatu. Shukrani imebaki, na ni haki yake ibaki. Mpelekee maji akiugua, mshike mkono akipanda ngazi, mwitikie naam akikuita. Lakini hukukubaliana naye popote kwamba siku ukipata kazi, kazi hiyo itakuwa yake.

Fanya hivi. Jumapili mkitoka kanisani nenda kwake, wewe peke yako, mama mwache na chungu chake. Usimpeleke mtu wa kukusaidia kusema, wala usiketi mpaka akukaribishe. Mwambie, "Mzee, Jumatatu namweleza mkuu wangu kwamba ritani yako niliijaza mimi, na kwamba mimi ni mpangaji wako. Naomba twende pamoja, ukaseme mwenyewe ni vyumba vingapi." Mweleze kwamba anayerekebisha kwa mdomo wake husikilizwa tofauti na anayeshikwa, na kwamba ritani iliyokosewa inaweza kurekebishwa, hayo umesomea, mfafanulie taratibu bila maneno ya ofisini. Akikasirika, mwache akasirike. Akikwambia wewe mtoto hukulelewa, nyamaza. Kesho yake asubuhi ukimkuta kwenye bomba, mwamkie kama siku zote, aitikie asiitikie.

Jumatatu, saa mbili, kabla wenzako hawajaagiza chai, gonga mlango wa Madam Nafula. Sema sentensi mbili. "Yule kijana wa mtaani ni mimi." Na, "Mimi ni mpangaji wa mteja huyu, kwa hivyo sifai kulishika faili lake." Usianze na kisa cha mchicha. Usilie; ofisi ina madirisha ya vioo. Vyumba kumi na kimoja huna haja ya kuvitaja. Atakuuliza mwenyewe, "Wewe wakaa chumba nambari ngapi?" Jibu.

Siwezi kukuahidi kwamba kazi itabaki. Huenda akakupa onyo, huenda akakuongezea miezi ya majaribio, huenda akakutoa. Lakini mkuu anayemwita mtu mjinga mbele ya mteja na kuagiza iandikwe ni mtu anayesema mambo waziwazi, na watu wa namna hiyo hupenda kuambiwa waziwazi. Kosa la mwezi wa sita ulilifanya ukiwa mwanagenzi wa wiki chache. Jedwali la mwezi huu ukilituma, umelifanya ukiwa unajua, na utakaa kwenye kiti hicho miaka yote ukisikiliza nani anagonga mlango.

Nyumba nayo usiiogope sana. Mzee atakayelipia ushuru vyumba kumi na kimoja hawezi kuacha hata kimoja kitupu.

Mwezi wa saba ulipe. Mpelekee pamoja na kodi ya mwezi ujao, na akikataa, iache mezani uondoke. Lile daftari la paswadi ni hatari kuliko faili la mzee: pita mlango kwa mlango, mpe kila mtu karatasi yake, waambie wabadilishe, na wenye kutumia imeli yako uwafungulie zao. Mwakani ukijaza ritani za jirani, uliza maswali yako yote kwa sauti ileile ya ofisini. Asiyetaka kuulizwa aende saiba, kwenye kompyuta za kulipia, huko hawaulizi, wanatoza.

Mamako mpe salamu zangu. Anayekunong'oneza si mtu asiyejua haki. Nadhani ni mwanamke aliyehama vyumba vingi na hataki kufungasha sufuria tena, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Mwambie mapema, kabla ya Jumapili, asisikie kwa majirani. Na mwombe siku nyingine kanisani atoe shukrani bila kutaja idara.

Basi ni hayo. Jumatatu, saa mbili kamili, shati limepigwa pasi, sentensi mbili, wala usigeuke ukiwa umeshafika mlangoni.

Nimeangalia kalenda. Jumatatu ni Mashujaa, ofisi zimefungwa. Nenda Jumanne.