Begi Jepesi la Zedekiah

Komarock, Awamu ya Pili,
Nairobi.

Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Mulongo,

Pokea salamu zetu sote kutoka hapa nyumbani. Natumaini zitakukuta mzima huko Windhoek, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba lile joto ulilolilalamikia kwenye simu limepungua. Na kifua je? Umeacha kukohoa? Tafadhali unywe tangawizi bila kungoja nikukumbushe kila wiki.

Sisi huku hatujambo. Ayuma wetu amemaliza mitihani ya chuo na sasa analala mpaka jua linapiga dirishani, nami namwacha tu, amechoka mtoto wa watu. Mama yuko Chwele. Magoti yanamsumbua wakati wa baridi, lakini sauti yake bado inasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Najua utashangaa kwa nini nimekuandikia badala ya kupiga simu kama kila siku. Ni kwa sababu jambo lenyewe ni refu, tena ni tamu, na simu zetu hukatika pale pale utamu unapokolea. Ni habari za shemeji yako Zedekiah.

Unakumbuka nilikuambia aliumia mgongo. Sikukueleza yote, sikutaka kukutia wasiwasi. Aliumia akiwa milimani, kule Aberdare, na kile kikundi chao cha kupanda milima cha hapa mtaani. Unamjua Zedekiah kwa kubeba. Miaka yote ile ya kazi ya reli hakuwahi kukosa kitu akisafiri, na mlimani ni hivyo hivyo. Alikwenda na mtungi wa gesi, sufuria tatu na zile blanketi nzito za sufu. Akaongeza flaski kubwa ya chai, mikebe ya maharagwe, panga, taa ya mafuta, na hema la turubai linalofaa kufunika lori. Begi lenyewe, likiwa tupu, lilikuwa zito kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakiteremka aliteleza kwenye tope, mzigo ukamvuta upande mmoja, na pingili ya mgongo ikahama. Vijana walimbeba mpaka barabarani.

Kaka, baada ya hapo nilikuwa na mume wa kochi. Kazini alikwenda na kurudi, kisha akaketi. Jumamosi wenzake walipopita na mabegi yao wakielekea Longonot au Ngong, alikuwa anaamka na kufunga pazia. Mtu mwenye maneno mengi kama Zedekiah akinyamaza, nyumba inakuwa baridi.

Mwaka jana mwezi wa Agosti, kiongozi wa kikundi chao, msichana mmoja anaitwa Leyla ambaye hufundisha mazoezi ya viungo hapa Komarock, alikuja kututembelea. Akasema Januari wanakwenda Mlima Elgon. Ndiyo, Kaka, Masaba wetu. Ule mlima tuliouona kila asubuhi tukienda shule na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga.

"Mzee Zed, wewe kuja tu," Leyla alimwambia. "Mzigo wako tutautafutia mpagazi. Wewe utatembea na chupa ya maji."

Zedekiah alimshukuru vizuri, akamsindikiza mpaka langoni. Aliporudi aliketi, akaniambia, "Mourine, siku nitakayobebewa soksi zangu mlimani, ujue nimekwisha."

Yale maneno yalinikaa. Kesho yake nikiwa kazini kule Industrial Area, nikishona mapazia ya malori kama kawaida, nikaanza kujiuliza: mzigo wote ule ni wa nini? Daktari wake hakumkataza kutembea. Alichomkataza ni uzito mgongoni. Nikamrudia daktari nikiwa peke yangu, nikamuuliza. Akanieleza kwamba mzigo ukiwa mdogo, na ukikaa kwenye nyonga badala ya mabega, mwenye mgongo kama ule anaweza kutembea nao, mradi afanye mazoezi kwanza na asiwe na haraka.

Basi. Nilitoka pale nikitembea kama msichana.

Nilianzia Gikomba, kwenye soko la mitumba. Kuna mama mmoja anayefungua marobota ya mahema na makoti ya mvua, na yale yaliyochanika huyatupa pembeni. Nilichagua hema lililopasuka la nailoni nyepesi sana, ukilikunja linaingia kwenye mfuko wa koti. Kitambaa kile kilinisumbua, kinateleza kwenye mashine kama samaki, sindano ikivunjika baada ya sindano. Lakini nilikishinda. Nilishona begi lenye mkanda mpana wa kiunoni, na kwa kilichobaki nikashona kibanda cha watu wawili kinachosimamishwa kwa fimbo zetu za kutembelea. Kila mshono niliupaka gundi ya kuzuia maji, mara mbili.

Blanketi nilizibadilisha kwa mifuko miwili ya kulalia ya manyoya ya bata, ya mitumba pia. Ayuma aliifua kwa mikono na kuianika siku nzima. Jiko nilitengenezewa na Ondiek, fundi wa mabati pale Shauri Moyo. Ni la spiriti, dogo kama kikombe, pamoja na sufuria moja nyepesi yenye kifuniko. Ondiek alilishika kwa vidole viwili, akacheka sana. "Mama, hiki utapikia nani, sisimizi?" Lakini tulilijaribu pale pale kwenye karakana yake, na maji yalichemka kabla hajamaliza kucheka.

Chakula nilikikausha juani kwenye paa. Kunde, nyanya, nyama iliyokatwa nyembamba. Mikebe nje.

Sasa ikabaki vita yenyewe, Kaka. Kumtoa mwenye vitu kwenye vitu vyake. Nilimwomba Ndunge, jirani yetu anayeuza viazi, aniazime mizani yake. Tukaitundika mlangoni. Zedekiah akaleta kila kitu chake cha zamani, tukaanza kupima, na Ndunge akavuta kiti kabisa ili aone. Mtungi ulipopanda, mizani ilishuka kwa kishindo na Ndunge akapiga kelele, "Hii ni debe la viazi!"

Nilimuuliza Zedekiah, "Panga ni la nini?"

"Panga ni panga."

"Uliwahi kulitumia?"

"Mourine, baridi ya mlimani haijui mashine yako ya kushona. Kila kitu hapa kina sababu."

Hapo nikaona hafanyi mzaha, anaogopa. Ndunge naye akaona, akaaga akaenda zake. Ndipo Zedekiah akanihadithia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu sikulijua. Akiwa kijana alipanda mlima na rafiki yake, wakakosa nguo za kutosha, mvua ikawanyeshea, na yule rafiki akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka kwa sababu ya baridi. Alipona, lakini chupuchupu. Tangu siku ile Zedekiah aliapa hatakosa kitu tena. Kumbe miaka yote ile alikuwa anabeba woga wake.

Sikubishana naye. Nilimwambia, "Basi tukakijaribu kibanda." Mwezi wa Oktoba mvua iliponyesha kwelikweli, nilisimamisha kile kibanda pale uwanjani nyuma ya nyumba, watoto wa mtaa wakituzunguka na kuuliza kama tumefukuzwa na mwenye nyumba. Tukaingia, tukalala humo alasiri yote. Tulitoka wakavu. Hakusifu, lakini jioni niliona panga limerudi chini ya kitanda. Siku iliyofuata taa. Kisha sufuria. Flaski ilichukua majuma, mpaka nikadhani ningelazimika kuiandalia mazishi.

Wakati huo huo alianza mazoezi. Asubuhi alitembea kwenda kazini akiwa na begi jipya, kwanza tupu, halafu na pakiti ya unga, halafu mbili. Pazia la Jumamosi likabaki wazi.

Januari tulikwenda. Nami nilikwenda, Kaka, usicheke! Nani angekiweka kibanda? Tulifika Kitale, tukaingia langoni mwa hifadhi pamoja na askari wao mmoja wa kutulinda dhidi ya nyati, tukaanza kupanda katikati ya miti mikubwa ya mierezi. Vijana walikuwa na mabegi yaliyowapita vichwa. Mmoja alimwangalia Zedekiah akauliza, "Mzee, na mzigo wako uko wapi?"

"Ndio huu."

"Wa leo ama wa siku zote?"

"Wa siku zote," alijibu, na nikaona kidevu kinainuka.

Nilitembea nyuma yake, macho kwenye mgongo wake kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika. Kwenye kilima kimoja chenye mawe alisimama ghafla, kisha akaketi chini. Nilikimbia, nikapiga magoti mbele yake.

"Ni mgongo?"

"Ni kijiwe," alisema. "Kimeingia kiatuni."

Sijui kama nilicheka au nililia. Nilimvua kiatu mwenyewe, na nilikibusu kile kijiwe kabla ya kukitupa.

Alasiri tulipofika mahali pa kupiga kambi, juu kabisa ambako miti imekwisha, mbingu ilibadilika kwa dakika chache tu. Mvua ya mawe, Kaka, punje kubwa kama njugu mawe. Vijana walikuwa bado wanahangaika na vyuma vya mahema yao, hawajui kipi kinaingia wapi. Sisi tulichomeka fimbo mbili, tukavuta kamba, tukawa ndani. Kisha Zedekiah akatoa kichwa nje akapaza sauti, "Njooni hapa nyote!"

Kile kibanda nilikishona kiwe cha watu wawili. Tuliingia karibu kikundi chote, tumekunjana kama nguo sandukuni, Leyla magoti yake kwenye mbavu zangu, askari amekaa mlangoni na bunduki yake amebaki nusu nje. Mmoja wao, yule yule aliyeulizia mzigo, alikuwa amelowa na meno yakigongana. Zedekiah hakungoja. Alimvua koti lililolowa, akamtia kwenye mfuko wake mwenyewe wa kulalia, akawasha lile jiko dogo la Ondiek pale mlangoni penye hewa, akamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi mpaka akatulia na kuanza kutania tena. Mimi nilikuwa natazama mishono tu. Upepo ulikuwa unakipiga kitambaa kama mtu anayekung'uta mkeka, nami nilikuwa nikihesabu makosa yote ninayoweza kuwa nimefanya.

Zedekiah alipitisha kidole kwenye mshono wa juu, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Akanigeukia.

"Hakivuji," alisema.

Nimeolewa naye muda mrefu, ameniambia maneno mengi mazuri, lakini hilo moja nitazikwa nalo. Watu walianza kuimba mle ndani, nyimbo za kanisa na za vijana zimechanganywa, mpaka mvua yenyewe ikachoka.

Kesho yake kulipambazuka safi kama sahani iliyooshwa. Tukapanda kilele cha Koitoboss. Sehemu ya mwisho ni mwamba mtupu, unatumia mikono. Leyla alinyoosha mkono apokee begi la Zedekiah, kwa heshima tu, naye akamwambia kwa upole, "Hapana mwanangu, hili ni langu." Akapanda polepole, akipumzika, akipanda tena. Kileleni alifungua mkanda, akalishusha begi chini mwenyewe, akasimama wima. Kisha akanishika mkono mbele ya vijana wote wale, yeye ambaye hata sokoni hutembea hatua kumi mbele yangu.

Mtandao ulishika kidogo, nikampigia Mama. Nikamwambia, "Mama, tuko juu ya Masaba!"

"Juu? Mmepoteza ng'ombe?"

Nilimweleza ni matembezi tu. Akasema tungoje. Nikasikia akitoka nje na fimbo yake, akihema. Akaniambia amesimama uani anautazama mlima, na kwamba tumpungie mkono. Tukampungia, Kaka, sote, hata askari. Mama akasema ametuona. Nami nimeamua kumwamini.

Tulipoteremka tulilala kwake Chwele. Alimpikia mkwe wake kuku mzima, na akatuuliza habari zako mara nyingi. Mwandikie, au mpigie Jumapili baada ya ibada, hapo huwa peke yake.

Mambo mengine ni ya kawaida. Maji bado ni ya mgao hapa kwetu. Ondiek sasa ana foleni ya watu wanaotaka yale majiko madogo, wala hanicheki tena. Vijana wanne wameniomba niwashonee vibanda, nami nashona jioni baada ya kazi, nyumba nzima imejaa nailoni. Ukija Desemba, njoo na viatu vizuri. Begi usihangaike nalo, lako nimeshalikata, limebaki kushonwa tu.

Nisalimie wifi yangu sana, na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Ayuma anakuamkia. Ndunge, ambaye hujawahi hata kumwona, naye anasema umsalimie yeyote unayeishi naye. Mungu awafunike wote huko mliko, alinde kutoka kwenu na kuingia kwenu, atuonyeshe nyuso zenu tukiwa hai na wenye nguvu za kukumbatiana.

Zedekiah amesimama nyuma yangu anasoma juu ya bega. Anasema nikuandikie kwamba amefika Koitoboss na begi lake mwenyewe mgongoni. Nimemwambia nimeshaandika. Anasema niandike tena.

Haya basi, Kaka: Zedekiah amefika Koitoboss, na begi lake mwenyewe mgongoni.

Ni mimi dada yako, akupendaye siku zote,
Mourine