Maji ya Mzee Hassani

Jumatano, Malolo

Pipa zima limeharibika. Kule maabara Nachingwea, kwenye chupa ya nusu lita, dawa yangu ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, haijawahi kunigomea. Chembe za salfa zinakuwa ndogo mno, zinaelea, maji yanabaki meupe kama maziwa. Leo kwenye pipa zimeshikana, zikazama kama mchanga, na bomba la kupulizia likaziba kwenye mkorosho wa kwanza.

Mwenye shamba, Mzee Hassani, akauliza kulikoni. Nikamjibu kwamba maji ya kisima chake yana chumvi.

Si kweli. Tindikali inayotengeneza zile chembe inatakiwa iingie kidogo kidogo huku unakoroga. Kwenye chupa ni dakika kumi, kwenye pipa ni kutwa nzima. Mkono uliniuma, nikamimina ndoo yote mara moja.

Hakubisha. “Basi mwanangu, nitafuata maji ya bomba, Ruangwa mjini.”

Maua yameshafunguka, na ubwiriunga hausubiri mtu. Nimechoka, hata kula sijala.

Jioni nilimpigia nimwambie ukweli. Akapokea mkewe.

“Simu kaiacha. Ameshaondoka na baiskeli na madumu. Kasema mtaalamu asisubirishwe.”