Siku Nilipokwama kwenye Lifti Ugenini

Ghorofa ya Pili, Nyumba ya Kona,
S.L.P. 417.

Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na pole na majukumu. Hujambo? Goti linaendeleaje tangu walipokubadilishia dawa? Wapwa zangu wazima? Niliposikia yule mkubwa amepata kazi ya kudumu, nilitembea na hiyo habari jengo zima utadhani nimeajiriwa mimi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako yuko na cherehani yake, na binti yetu amenipita urefu na hakosi kunikumbusha.

Najua umeishika bahasha hii ukashangaa unene wake. Kwenye simu mimi na wewe huwa tunaishia "nzuri, na wewe?" halafu mtandao unakatika. Leo nina mambo mawili yasiyosemeka kwa simu, moja la furaha na moja la aibu. Naanza na la furaha, labda litanipa nguvu ya kufika kwenye la pili.

Dada, nimesafiri! Nimetoka nje ya nchi! Ndiyo, mimi huyu huyu.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Kampuni yetu ilipata kazi ya kubadilisha lifti zote za hospitali kuu, na kiwanda kinachozitengeneza kikataka fundi mmoja aende kusomea siku tisa. Aliyechaguliwa ni mwenzangu tunayemwita Msumari. Mwezi mmoja kabla ya safari Msumari akateleza bafuni, akavunja mguu. Bosi akaniita ofisini.

"Utakwenda wewe."

Nikamwambia mgongo wangu hauwezi kukaa kitako saa nyingi. Akavua miwani.

"Mgongo huo huo unaopanda shimo la lifti ghorofa kumi na mbili?"



Wewe unanijua. Urefu siuogopi, na ndege hata sikuifikiria. Nilichoogopa maisha yangu yote ni kuonekana mjinga mbele za watu. Kusimama mahali sijui pa kupita, sijui niulize vipi, huku watu wananipisha na kunitazama. Miaka ishirini na miwili nimepanda na kushuka ndani ya majengo ya mji mmoja. Kwenda mbele, sijawahi.

Basi, nikaenda. Siku mbili za kwanza zilikuwa kiwandani na chumbani, chumbani na kiwandani. Nilipanga ghorofa ya sita kwenye jengo la zamani lenye ukuta wa vigae vya kijani. Jioni nilikula mkate na maziwa nimefunga mlango kwa ufunguo, kama ninayedaiwa. Duka lilikuwa mbele ya jengo kabisa, lakini nilikuwa nachungulia dirishani kwanza, nisubiri wateja wapungue.

Siku ya tatu, Jumapili mchana, mkate ukaisha. Nikaingia kwenye lifti. Ndani walikuwamo mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, muuguzi aliyevaa sare, na mama mnene aliyebeba keki kwenye boksi. Kati ya ghorofa ya tano na ya nne, lifti ikashtuka, ikasimama. Taa ikafifia.

Mama akaanza kulia. Mzee akaingiza vidole katikati ya milango, akavuta. Dada, hilo ndilo jambo linaloua watu. Anayefungua mlango akajaribu kuruka nje, lifti ikiondoka yuko nusu ndani nusu nje, basi. Sikufikiri. Nilipiga kelele kwa Kiswahili safi kabisa: "Mzee! Acha hapo! Toa mkono!"

Akatoa mkono. Hakujua hata neno moja, lakini alitoa.

Sasa wote wananitazama. Ile hali niliyoikimbia maisha yangu yote, na hakuna pa kukimbilia! Nikachomoa kalamu, nikachora nyuma ya karatasi ya kiwandani: kizimba chetu, kamba tano za chuma juu yake, breki huku na huku. Nikachora watu wanne wadogo ndani. Nikafuta kamba ya kwanza, nikatikisa kichwa: hatuanguki. Nikafuta ya pili, hatuanguki. Nikafuta zote nikaonyesha breki zinavyouma reli za ukutani ambazo lifti hupandia: bado hatuanguki. Mama akapangusa macho akaisogelea karatasi.

Muuguzi alijua kidogo lugha tuliyofundishwa shule. Akaniuliza, "Wewe ni mwalimu?"

"Hapana. Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Lifti."

Akawatafsiria wenzake, na Dada, kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Mzee alishika ukuta. Fundi wa lifti, amevuka mipaka, amekwama kwenye lifti! Mimi mwenyewe nilicheka mpaka mbavu zikauma. Walinicheka, ndiyo. Kile nilichokiogopa tangu utotoni kilinitokea, na nikakuta hakiumi.

Tulikaa humo dakika arobaini. Mama akaifungua keki, nasi tukaikata kwa rula yangu ya chuma. Baadaye nikaambiwa ilikuwa ya siku ya kuzaliwa ya mjukuu wake. Mjukuu alipata robo.

Fundi wao alipokuja kututoa, muuguzi akamweleza mimi ni nani. Yule bwana akanipa tochi ya pili, tukapanda pamoja hadi chumba cha mota juu ya paa. Relei, ile swichi ndogo inayoamrisha mota, ilikuwa imeungua. Tuliibadilisha bila kuelewana hata sentensi moja, yeye ananyoosha mkono, mimi naweka bisibisi. Kisha akafungua kimlango, tukatoka kupunga upepo.

Nikauona mji wote. Paa nyekundu, mto wenye madaraja matatu, na reli iliyotoka katikati ya mji ikaenda, ikaenda, ikaingia kwenye vilima. Nikamwonyesha kwa kidole: ile inakwenda wapi? Akapandisha mabega, kisha akanisukuma bega kama anayesema nenda basi ukaone.

Nikaenda! Jumamosi iliyofuata nilipanda treni peke yangu, sina shughuli, sina wa kumtembelea. Nilishuka kituo nisichokijua kwa sababu mlango wake ulipakwa rangi ya njano na ulinipendeza. Nikanunua soksi. Nikapotea mara mbili. Nikamuuliza njia mshona viatu, akaacha kazi akanisindikiza hadi kona. Kila kichochoro nilichoingia sikujua kinatokea wapi, na moyo ulikuwa unanidunda kwa raha! Nina miaka arobaini na nane, Dada. Hakuna aliyeniambia kwamba kutojua njia kunaweza kuwa starehe.

Niliporudi, nilimsimulia wifi yako usiku kucha. Asubuhi akaweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Miaka kumi na tisa nakuomba twende hata mji wa pili, unaniambia mgongo. Leo umerudi kunisimulia treni?"

Alikuwa na haki yake. Mwezi wa nane tukavuka mpaka wa upande wa pili kwa basi, siku sita, na kila mara tulipopotea alitaka awe yeye wa kuuliza. Mwezi wa kumi nikaenda tena, siku mbili tu, kuona ziwa ambalo nilisikia habari zake kwa abiria mwenzetu. Sebuleni sasa kuna ramani kubwa kama shuka. Kazini wananiita Balozi. Bosi anasema kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuomba ruhusa, na mwaka huu nimemaliza fomu.

Sasa lile la aibu.

Shemeji alipofariki mwaka juzi, ulinipigia simu ukaniomba nije. Nikakuambia pasipoti yangu imekwisha muda. Dada, sikuwa na pasipoti. Sikuwahi kuwa nayo. Niliogopa uwanja wa ndege, niliogopa nchi yako, nikakuacha uzike mume bila ndugu hata mmoja pembeni yako. Wewe ukanijibu, "Sawa, nimeelewa," na hukuniuliza tena. Ndiyo maana sikukuambia kuhusu safari ya mwezi wa tatu. Ningekuambiaje kwamba nimekwenda kwa ajili ya lifti, na kwa ajili yako sikwenda?

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuja kuomba mwenyewe. Tiketi nimekata, tutafika tarehe 14 Desemba, mimi, wifi yako na binti yetu, na tutakaa wiki tatu. Ukiwa bado na hasira, nipokee nazo hapo hapo mlangoni. Sitaondoka, nitakaa kwenye ngazi mpaka ziishe.

Wasalimie wapwa zangu wote, hasa kitinda mimba ambaye sijawahi kumbeba. Msalimie jirani yako anayekusaidia kubeba maji. Shangazi Kicheko anakusalimu, na amenipa mzigo ambao sijui nitaupitisha vipi. Mwenyezi Mungu aiweke nyumba yako kwenye amani, na atukutanishe tukiwa wazima.

Jambo moja tu. Siku tutakayofika, kabla ya kula na kabla ya kulala, naomba unipeleke kaburini kwa shemeji. Nimechelewa, lakini nataka nimsalimie.

Mdogo wako akupendaye,
anayekuja