Adapta ya Mama na Kitambaa Chake

Alhamisi, Kanyangi

Wiki tatu nabadilisha kapasita na dayodi bure. Adapta ya redio niliyomtengenezea mama inafanya kazi vizuri mezani kwangu, lakini kwake inajizima kila baada ya nusu saa. Nilishaanza kujiona si fundi.

Leo nimeenda kwake bila kumwambia. Nimeikuta imefunikwa kitambaa kizito cha kufuma, kama TV na viti vyake vyote. Ilikuwa inachoma mkono.

"Mwaitu," nikamwita mama, "hii inataka hewa!"

"Kitu umetengeneza na mikono yako," akasema, "nikiache uchi?"

Na mimi nilikuwa nalaumu dayodi...

Kesho nitakunja waya kama kijihema, kitambaa kikae juu, hewa ipite chini. Kukiondoa siwezi.