Mbao za Kulala

4 Februari

Binti yangu,

Nakusalimu kwa mkono huu wa kulia ambao leo umejaa malengelenge. Mimi mzima, kifua kimetulia, chakula nakula na sahani nairamba. Wewe je? Hayo mashuka ya hoteli unayofua bado hayajakumaliza mgongo? Nijibu kwa barua. Simu inanikata maneno.

Sasa sikia. Uzio wa bustani nimeumaliza! Mwenyewe, bila fundi. Yule mbuzi wa shangazi yako alinilia kabichi zote, halafu akasimama kunitazama kama vile mimi ndiye niliyeingia kwake. Nikapanda miche mipya, nikasema basi. Nimechimba mashimo ya nguzo mpaka usawa wa goti, nikagongelea mbao ndefu za kulala, moja chini, moja juu. Kisha mbao za kusimama, nimezichonga ncha kama mikuki. Upande laini nimeugeuzia ndani, kwenye kiti changu cha jioni. Jasho limenitoka mimi, acha uzuri niuone mimi. Mbao za kulala ziko nje, wazitazame wapita njia.

Shangazi yako alisimama kwake kashika kiuno. "Kaka, unajenga uzio au jela?"

"Jela ya kabichi. Mbuzi wako akiingia humu, nakata ndevu zangu."

"Ndevu gani? Hizo nywele za kuhesabu?"

Ndiyo dada yangu huyo, unamjua. Lakini mtaa mzima hakuna uzio kama huu, na yeye anajua.

Fundi mkuu,
Baba yako


20 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti kwenye chumba cha pasi, tukacheka mpaka msimamizi akaja kutufukuza. Mimi sijambo. Mgongo unauma ila unabebeka.

Hongera kwa uzio. Lakini usimkere sana shangazi. Tangu mumewe afariki, huyo mbuzi ndiye anayeongea naye kutwa. Na maziwa ya chai yako ya asubuhi yanatoka wapi? Si kwa huyo huyo unayemtukana? Mama alipotutoka, mgongo ulionibeba mimi ni wa shangazi. Kabichi ya kwanza ikifunga, mpelekee yeye.

Mwanao


11 Machi

Binti yangu,

Salamu. Nimechelewa kujibu, mkono ulichanwa na msumari, umefungwa kitambaa. Huku mvua. Kabichi zipo. Uzio upo. Shangazi yako yupo, anakusalimu.

Sina zaidi.

Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje na mkono? Barua yako imenitia wasiwasi. Wewe salamu peke yake huwa zinamaliza ukurasa. Nikampigia shangazi.

Kumbe mbuzi amekufa na hukuniambia! Shangazi alilia mpaka nikakaa juu ya mafurushi ya mashuka. Anasema ameuawa na mbwa wa mlinzi wa ghala, na wewe ulimkuta njiani asubuhi ukambeba mabegani mpaka kwake. "Kaka yangu mdomo tu," anasema. "Siku ile alitetemeka kuliko mimi." Na kwamba kila jioni anakuletea chakula na kukubadilishia kitambaa. Na mlinzi amekuja kumwomba radhi, mbwa amempeleka kwa watu mbali huko.

Baba, mbwa yule namjua. Mzee, meno ya mbele hana, hata mkate alikuwa anausubiri ulowe kwanza. Amemuuaje mbuzi mzima? Na wewe, msumari gani ulikuwa unaugonga kwenye mvua?

Nijibu vizuri.

Mwanao


2 Aprili

Binti yangu,

Natumaini hujambo. Mimi mwili haujambo. Karatasi hii nimeianza na kuichana, nimeianza na kuichana.

Mbwa hakuua. Uzio wangu ndio ulioua. Zile mbao za kulala nilizoziweka nje ili nisizione, mbuzi alizipanda kama ngazi. Ubao wa chini, ubao wa juu, akaruka. Mguu wa nyuma ukanasa kati ya zile ncha. Nilimkuta asubuhi ananing'inia upande wangu, kichwa kimegusa kabichi. Mvua ilikuwa imepiga bati usiku kucha, sikusikia kitu. Au nilisikia, nikasema acha alie, leo atajifunza. Kila nikikumbuka inakuja tofauti.

Wakati namchomoa ndipo msumari uliponichana. Nikambeba nimpeleke na ukweli wake wote, nakuapia. Dada akafungua mlango. "Mbwa, Kaka? Ni yule mbwa wa ghala?" Nikainamisha kichwa. Sikusema ndiyo. Akauliza nimemkuta wapi. Nikasema njiani. Basi, neno likatoka, na mimi mzee mzima nikaliacha litembee. Nikarudi nyumbani nikachukua tambara, nikafuta tope la kwato kwenye mbao.

Sasa ananiletea chakula, ananifunga mkono, ananipuliza kidonda kama mtoto. Juzi kasema anataka mbuzi mwingine, ila kwanza nimjengee uzio, mbwa wasiingie. "Kama wako, Kaka. Wako ni imara." Tonge lilinikwama hapa kooni, akanipiga mgongoni akidhani nimepaliwa.

Usimwambie. Nakuomba.

Baba yako


10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole na mkono.

Sitamwambia, hayo si maneno yangu. Lakini shangazi amenipigia na sikupokea. Sauti yangu anaijua tangu sijaota meno, angenikamata hapo hapo. Kwa hiyo sasa tuko wawili tunaomkimbia, na yeye hajui kakosa nini.

Mjengee uzio wake. Ila usiujenge kama wako.

Mwanao


5 Mei

Binti yangu,

Nakusalimu. Kidonda kimepona, kimebaki kovu. Pole na kazi.

Nimejenga. Mbao za kulala nimezifunika pande zote mbili, nje laini, ndani laini, kwato isipate pa kukanyaga. Ncha sikuchonga. Nimekata vichwa sawa, juu yake nikalaza ubao mmoja mrefu kuziba mianya yote. Shangazi yako alikuwa ananipa misumari, anaimba imba.

"Kaka, mbona unafunika pande mbili? Unamaliza mbao."

"Pasiwe na pa kupandia."

"Mbwa anapanda? Mbwa anachimba chini."

Nikagonga.

"Na huu wa juu ni wa nini? Wako hauna."

"Mguu usinase."

Lilinitoka kabla sijajua. Akaacha kuimba. Aligeuka akautazama uzio wangu, akautazama sana, toka chini mpaka juu. Kisha akaniuliza polepole, "Mguu wa nani?"

Nikamwambia. Sikupamba, unajua mimi napenda kupamba. Nilikuwa nimepiga magoti, nyundo mkononi, sikusimama.

"Alikufia kwako?"

"Kwangu."

"Alilia?"

"Sijui."

"Unajua, Kaka."

Akachukua kiganja changu, akamimina misumari yote iliyobaki, akavikunja vidole vyangu juu yake. Akaingia ndani.

Nilikwenda pia kwa mlinzi. Nilimkuta getini, nikasema yote tena. Alisema alikwishatuma mtu kumwangalia yule mbwa, kaambiwa alitoroka siku ya kwanza tu na hajaonekana. Nikasema nitamtafuta. "Kwa miguu hiyo, mzee?" Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Asubuhi nilikwenda mpaka ile barabara kuu, nikauliza kila duka. Kesho nakwenda upande wa pili.

Uzio wa shangazi yako nimeumalizia peke yangu, dirisha lake limefungwa. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sijamwita mtu aje aione. Kati ya kwake na kwangu nimeacha mlango mdogo. Komeo nimelitia upande wake, mimi siwezi kulifungua. Siku hizi jioni nakaa karibu na hapo. Chakula hakiji, na sikitaki, napika mwenyewe na naunguza. Chuma cha komeo kikilia nainuka. Mpaka leo ni upepo.

Shangazi yako mpigie. Usinitetee. Mpigie tu.

Baba yako