Goti la Mdogo Wako

S.L.P. 214,
Majengo,
Sumbawanga.
14 Novemba 2004

Mpendwa shangazi Getruda,

Shikamoo. Hamjambo, wewe na mumeo baba Sebastiani, huko Tanga? Joto bado linawasumbua? Huku mvua za kwanza zimeshuka na watu wanapanda mahindi. Sisi sote wazima, na safari hii neno hilo naliandika bila kudanganya.

Shangazi, najua uliondoka hapa Pasaka umekasirika. Ulichutama na kupiga makofi kumsalimu baba, mdogo wako, kama mlivyolelewa Wafipa, naye akakuitikia amesimama wima badala ya kuchutama naye. Ukamwambia mama kwamba Baltazari ameota mapembe. Watu wote wa hapa Pito walisema hivyo hivyo.

Hayakuwa mapembe, ulikuwa mguu. Mshipa wa damu nyuma ya goti la kulia ulikuwa umeziba karibu wote. Akitembea kidogo mguu unakaza, akichutama hainuki. Kidole gumba kilikuwa na kidonda kisichopona, akakificha ndani ya buti la mvua na kutukataza tusikwambie. Mwezi wa saba tukaambiwa hospitalini kwamba damu isipofika kidoleni, mguu utakatwa. Nililia dukani mpaka wateja wangu wa vitenge wakanipa pole ya msiba.

Tukampeleka Nairobi. Kule hawakumpasua mguu. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa, kuanzia pajani hadi palipoziba. Daktari alitueleza njia mbili. Moja ni puto: linajazwa, linapanua njia, kisha linatolewa, ila mshipa unaweza kuziba tena. Nyingine ni kuacha ndani kijibomba cha wavu wa chuma kiushikilie mshipa usijifunge. Mimi nilichagua chuma palepale. Puto nililijua la sherehe za komunio, linapasuka kabla ya pilau.

Baba akauliza swali moja tu. "Nikiwa na hicho chuma, nitachutama?"

Daktari akadhani anaulizia choo, akamwambia vipo vyoo vya kukalia.

"Si choo," baba akasema. "Nina dada."

Ikabidi nimweleze daktari salamu zetu. Alicheka, halafu akawa makini. Kumbe nyuma ya goti ndipo mguu unapokunjwa, na chuma kinachokunjwa kila siku huweza kupondeka au kuvunjika. Pajani kingefaa, akasema, lakini kwa goti la Mfipa tuanze na puto. Ujuzi wangu wa chuma nikauweka kando, wakampitishia puto.

Kidonda kimefunga, shangazi. Nina furaha mpaka nawapunguzia watu bei bila kuombwa. Hatujui puto litatufikisha wapi, kwa hiyo dawa anameza na kupimwa atarudi. Kiko chake cha tumbaku, alichokatazwa na daktari, mama amekifungia kabatini, na ufunguo anatembea nao.

Msalimie baba Sebastiani, na wanao Rafaeli na Sharon waambie vitenge vyao vinakuja. Mama anakusalimu sana. Mungu awalinde na awape safari njema, maana Krismasi tunawasubiri.

Usikose. Jana nilimkuta baba uani peke yake, amechutama mbele ya kiti kitupu, kile ulichokalia Pasaka, anapiga makofi taratibu. Kisha akainuka bila kushika ukuta. Aliponiona akasema anajizoeza, asije akakosea ukifika.

Mwanao akupendaye na kukungoja,
Hellena